Saa Nne ya Nyati

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, Digidigi alivuka mto kwenda nchi isiyo yake kusomea uganga wa mitishamba. Kwao hapakuwa na chuo. Mama yake alimsindikiza mpaka ukingoni, akamwambia neno moja tu: "Usirudi kabla hujamaliza."

Ng'ambo alipokelewa na Mzee Kiboko, Msajili wa chuo. Huyu kazi zake zote alizifanyia majini, pua tu ikiwa nje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mgeni?"

"Mgeni."

"Amri kwa wageni ni mbili. Somo ni saa saba mchana, kila siku. Ukikosa mara mbili nafuta usajili wako, unarudi kwenu. Na kazini, mwisho saa nne. Ukipitisha, unarudi kwenu vilevile."

Chubwi! Akazama.

Sasa, wadogo zangu, isikilizeni vizuri hiyo amri ya pili. Laiti Mzee angesema "zisizidi", au angesema "isipite", kisa hiki kisingekuwapo. Alisema "mwisho saa nne", basi.

Digidigi hakuwa na chakula. Akaenda kwa Nyati, mwenye mgahawa wa uji mbele ya lango la chuo. Nyati alimtazama kutoka kwato mpaka masikio. Haikumchukua muda.

"Haka ndiko kafanyakazi? Mwiko wangu ni mrefu kukushinda!"

"Mwiko haukorogi wenyewe, Mjomba."

Nyati akacheka mpaka masufuria yakagongana. "Haya. Kila siku ukifika mwisho wako, kibaba cha mtama."

Digidigi akaanza saa mbili. Akakoroga, akaosha mabakuli, akapanga kuni, akakoroga tena. Ilipotimu saa sita akavua aproni.

"Wapi wewe?"

"Darasani, Mjomba. Saa nne zimekwisha."

"Zimekwisha? Thubutu! Saa nne haziishi, inafika! Nayo ni saa nne ya usiku. Hebu tazama jua liko wapi. Koroga!"

Puu! Nyati akajibwaga mlangoni, na mlango ukawa hauonekani. Kengele ya chuo, ambayo hulia kila saa usiku na mchana, ikapiga saa saba. Digidigi aliisikilia jikoni.

Jioni Mzee Kiboko akaja kunywa uji, beseni zima kama kawaida yake.

"We mgeni! Leo hukuonekana darasani. Kesho usipoonekana, nakufuta."

Digidigi akaendelea kukoroga. Aseme nini? Akisema Nyati amemzuia, atakuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba amepitisha saa nne, na kwao ni kesho.

"Mzee, tuamulie ubishi kidogo. Mimi mgeni, lugha yenu bado inanipiga chenga. Mjomba anasema saa nne ya amri yako ni ile ya kengele."

"Ya kengele!" Nyati akadakia. "Si ya kuhesabu vidole!"

Kiboko akawaza. Kuhesabu saa za kila mgeni ni kazi, naye kazi hakuipenda.

"Ya kengele," akasema. "Ikilia, mgeni atue kazi palepale. Atakayemzuia, mgahawa wake naufunga."

"Sawasawa kabisa!" Nyati akapiga meza, wateja wote wakasikia.

Digidigi akakoroga mpaka saa nne ya usiku bila kunung'unika. Nyati akajua amemuweza.

Asubuhi yake, saa mbili, Digidigi alikuwa kwenye chungu. Wateja walikuwapo, na Mzee Kiboko na beseni lake pia. Akakoroga mpaka kengele ikalia tena: ng'ong'! ng'ong'! ng'ong'! ng'ong'!

Digidigi akauacha mwiko palepale, umesimama katikati ya uji.

"Mjomba, kibaba changu."

"Kibaba gani? Ndiyo kwanza asubuhi!"

"Kengele ya saa nne imelia."

"Nilisema ya usi—"

"Ya kengele!" wateja wakapiga kelele, wakichekea mabakuli. "Si ya kuhesabu vidole!"

Nyati akamgeukia Kiboko. Kiboko alikuwa na uji mpaka masikioni. Akainua pua.

"Mbona bado unamzuia? Nifunge?"

Nyati akapima mtama, akajaza kibaba mpaka ukamwagika. Kisha, polepole, akampisha mlangoni.

Digidigi akanawa kwato, akabeba mtama wake, akaenda darasani mapema mno, akakaa mstari wa mbele, mahali ambapo mwalimu asingeweza kusema hakumwona.

Anayelipinda neno ili limfae, asishangae likimgeukia.