Mkalimani Asiyejua Kutafsiri

Mwamvita alikuwa mkalimani wa shirika moja la kimataifa mpaka mkurugenzi, Bwana Delorme, alipomfukuza eti hajui kutafsiri. Akashtaki kwenye mahakama ya ndani ya shirika. Siku ya kesi, mkalimani wa mahakama aliugua ghafla. Delorme alikielewa Kiswahili, ila kukisema kulimshinda.

"Nitamtafsiria mimi, mheshimiwa," alisema Mwamvita.

Delorme akacheka, akasema kwa Kifaransa, "Mwacheni ajitukane mwenyewe."

Akamwaga madai yake kwa lugha hiyohiyo, na Mwamvita akayatafsiri yote bila kupunguza.

"Amekutafsiria sawasawa?" hakimu aliuliza. "La sivyo, ushahidi wako siupokei."

"Sawasawa kabisa. Neno kwa neno."

Mwamvita akalitafsiri na hilo. Hakimu akaamuru arudishwe kazini.

Nje, Mwamvita alimpigia simu mkalimani wa mahakama. "Shoga, sasa unaweza kupona."