Kamba ya Kiondo na Mitungi ya Nakijwa

"Njia hupimwa kwa mtungi uliojaa." Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka, sasa mnakuja kuniuliza mtungi na njia vimekutana wapi. Nyinyi watoto wa pikipiki! Kaeni basi, niwaambie ilikotoka.

Zamani, huku kwetu Upare, palikuwa na kijiji kilichokaa juu sana mlimani. Asubuhi ukungu ulikifunika hata jirani akawa sauti tu. Kushuka hospitali ya bondeni kulikuwa na kijia cha mbuzi. Mwaka mmoja wazee wakakubaliana ichimbwe njia pana kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja inayoitiwa baragumu, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Aliyepewa kuchagua njia ipite wapi ni Mzee Kiondo, mtu hodari, ila akishasema, amesema.

Kiondo alivuta kamba toka juu mpaka bondeni. Ikanyooka kwenye mteremko, kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Njia ya kuzunguka bega la mlima ilikula kamba mara mbili. "Fupi ndiyo njia," akasema. Kufikia siku ya tatu, nusu ya mteremko ilikuwa imekwatuliwa.

Siku ya nne baragumu lilipolia, Nakijwa mfinyanzi alikuja bila jembe. Alileta mitungi miwili iliyojaa maji. Mkwewe, Namsifu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza iliharibika kwenye mteremko uleule, wabeba machela walipoteleza wakimpeleka hospitali. Nakijwa aliogopa, na hakuficha.

"Mama, hapa tumeita majembe, hatukuita mitungi," Kiondo akamtania.

"Baba Kiondo, umepima kwa kamba. Kamba haichoki, haitelezi, wala haina mimba. Jitwike mtungi huu, ushuke na njia yako."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume na mtungi kichwani! Kiondo hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akajitwika.

Alifika katikati, mguu ukateleza, akakaa chini kwa kishindo na mtungi ukapasuka. Hakuinuka. Alikuwa akiyatazama maji. Yaliifuata njia yake mpya, yakichimba kifereji kwenye udongo mbichi, yakashuka polepole mpaka kwenye ndiva, na pembeni mwa ndiva pakawa tope. Mtungi mmoja tu! Akaiwaza masika, mvua ikiushusha udongo wote ndani ya ndiva. Wanasema alikaa pale kama mtu anayeota, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Kisha akapanda, akachukua mtungi wa pili, akashika njia ya kuzunguka. Ukungu ukammeza. Watu waliteremka kumngoja bondeni, wengine wakasinzia na majembe mapajani. Jua lilipokuwa utosini alitokea, jasho likimtiririka, maji yangali shingoni mwa mtungi.

"Nimechelewa," akasema.

"Umefika," Nakijwa akajibu.

Kazi ya siku tatu ikaachwa, wakapanda majani pale kuushika udongo. Watu walinung'unika, msidhani hawakunung'unika. Kuanza upya kunauma, na Kiondo kuliko wote. Lakini alichimba.

Masika ilikuja na mvua zake, na Namsifu akashikwa na uchungu. Machela ikazungushwa bega la mlima, wabebaji wakitembea hatua moja moja kwenye mawingu. Nakijwa alikwenda ubavuni, roho mkononi, mpaka mlango wa hospitali. Hapo Namsifu akafumbua macho.

"Mama," akauliza, "tumeshaanza kushuka?"

Nakijwa akalia palepale, mbele ya watu.

Basi, wajukuu, mtu akiwaletea shauri lililonyooka, muulizeni ni nani atakayepita hapo, na amebeba nini. Njia hupimwa kwa mtungi uliojaa.