Maharage Nyuma ya Pazia la Sukari

Weka mkono kifuani uape: haya hutamwambia mtu, hata jirani mnayeazimana chumvi. Umeapa? Vizuri. Aliyenihadithia naye aliniapisha hivyo hivyo, kwa hiyo sogea usikie.

Huko milimani Upareni, kwenye hospitali moja, walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Nesi Nakijwa alikuwa na akili ya kutafuta upenyo palipozibwa. Mama Naetwe, mpika chai, alijua kila mtu anaogopa nini. Na Mzee Mrutu, mlinzi wa getini, yeye hakuogopa kitu, hata mkewe.

Kila mwaka huletwa dodoso pale, watumishi waseme kama kazini wako salama. Na hawajibu! Nani ajibu? Mwaka uliopita msimamizi wa wodi, Bwana Kangero, alisimama kwenye mkutano wa asubuhi na karatasi mkononi.

"Huu mwandiko wenye mikia si wako, Nakijwa?"

Nakijwa alikuwa ameandika kweli tupu: boksi la sindano chafu linafurika, sindano imemchoma, amemeza vidonge vya kukinga Ukimwi mwezi mzima akitapika. Kangero akacheka, "Mwoga wewe!" Wenzake Nakijwa wakatazama viatu vyao.

Safari hii daktari mkuu akatangaza: wote wakijibu, na wengi wakisema pana hatari, maboksi mapya yataagizwa. Tena atakayewafanya wajibu atapewa beberu wake mweupe. Watu wakawaza supu. Nakijwa alikuwa na mimba. Yeye aliwaza sindano.

"Tusiandike," akamnong'oneza Mama Naetwe. "Harage halina mwandiko. Jeupe, niko salama. Jekundu, hatari."

"Umewaza, mwanangu. Lakini macho ya watu je?"

Mama Naetwe akatazama pazia la chumba cha chai. Nyuma yake hukaa sukari, na watu huingia mmoja mmoja, maana wakiingia wawili sukari huisha na kila mmoja humsingizia mwenzake. Akaweka mtungi palepale, na mabakuli mawili ya maharage kando. "Hapo hata jicho la Kangero halifiki."

Saa ya chai ikafika, daktari mkuu naye akaja, na kila mtu akaambiwa atumbukize harage moja mtungini. Watu wakachota sukari, mtungi wakaukwepa kama una nyoka! Nakijwa akahisi machozi yanamlenga.

Ndipo Mzee Mrutu akaingia nyuma ya pazia, akatoka ameinua harage juu.

"Kuku nyie! Jekundu hili, tazameni! Sindano ilinichoma nikizoa taka, nikanyamaza kama nyinyi. Leo sinyamazi. Wa kunifukuza na anifukuze!"

Akarudi kulitumbukiza. Kwa!

Wee! Foleni ikafika mlangoni. Hata mhasibu mwenye kisukari alipanga foleni ya sukari! Nakijwa, mkono tumboni, akisikiliza tu: kwa, kwa, kwa.

Wa mwisho akaingia Bwana Kangero. Akakawia.

"Bwana mkubwa anachota sukari au anavuna miwa?" Mzee Mrutu akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Mara, chini ya pazia, harage jekundu likabingirika. Likafuatwa na jingine. Kisha yakamiminika, yakapita katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye kiatu cha daktari mkuu. Mama Naetwe akalivuta pazia. Lahaula! Kangero kapiga magoti, mtungi kaupindua kwenye pindo la koti lake, pindo limemponyoka, na mfuko wake umetuna maharage meupe aliyotaka kuyatia badala ya mekundu!

"Maboksi yaagizwe leo," akasema daktari mkuu. "Sasa, beberu ni wa nani?"

"Harage ni wazo langu," akasema Nakijwa.

"Bila pazia langu lingebaki mboga," akajibu Mama Naetwe.

"Na bila kifua changu mngekunywa chai mkaondoka!" akanguruma Mzee Mrutu.

Kangero naye, bado kapiga magoti: "Na mimi je? Nisingeyamwaga, nani angeona kuwa ni mekundu matupu?"

Beberu ni mmoja, na mwenye beberu hataki achinjwe wagawane. Haya msikilizaji, kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?