Jani la Kwikwi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana harusini, Kanga alimwoza bintiye. Pilau halikuwepo, wanangu, msijilambe. Palikuwa na muhogo wa kuchoma, mkavu kama kuni. Wageni wakaubugia kwa pupa bila tone la maji, na kwikwi ikaingia.

Hik! Nyati. Hik! Fisi. Bibi harusi aliulizwa kama amemkubali mume, akajibu, "Hik!"

Mzee Tembo akasimama na jani. Akalipaka mate, akambandika Nyati kwenye paji la uso, pa! Wakapiga soga kidogo, kwikwi ikaisha. Akambandika Fisi, nayo ikaisha.

"Jani hili ni la mti ulio nyuma ya nyumba yangu," Tembo akasema. "Nami sitaki makubwa. Nipeni bwawa tu. Anayetaka maji aje aniombe."

"Ni haki yako, mganga," Nyati akasema.

Mama Pimbi, kule kando na watoto wake, moyo ukamlipuka. Maji mengine yalikuwa mbali, na miguu ya wanawe mifupi. Tena yeye pia alikuwa na kwikwi, na Tembo hata hakumwona. Sasa haipo. Akajiuliza, "Yangu imeponywa na nani?"

Lakini angesema, nani angemsikiliza pimbi? Akameza hasira, akavaa tabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Bwawa ni lako, hilo halina mjadala. Ila kesho tule muhogo tena, uponye tena, na wasiokuwepo waone kabla ya kukukabidhi. Majani nitakuchumia mimi, mtu mzima usisumbuke."

Tembo alivyopenda sifa! Alikubali kabla hajamaliza kusikia.

Kesho yake Pimbi akaja na vikapu viwili, kimoja kimefunikwa. Muhogo ukaliwa, uwanja mzima hik, hik, hik. Tembo akachota majani kwenye kikapu kilicho wazi, wala hakuyatazama. Mate, pa! Mate, pa! Soga zikapigwa, kwikwi zikaisha.

"Mmeiona dawa?" Tembo akauliza, kifua mbele.

"Tumeiona," Pimbi akasema, akafunua kikapu cha pili. "Ila majani yako ni haya, mzee, hayajaguswa. Hayo mliyobandikwa nimeyatoa kitandani kwa wanangu. Jana walikikojolea."

Fisi akabandua lake, akalinusa, akaanguka chini kwa kicheko. Nyati alikuwa ameshakimbilia bwawani kunawa uso.

"Uzushi mtupu," Tembo akasema, akajijazia muhogo mdomoni kupoza hasira. Haukufika tumboni.

HIK!

Kwikwi ya tembo si mchezo. Bibi harusi akarushwa mpaka mapajani kwa mumewe. Tembo akabandika jani lake halisi. Hik! Akaongeza jingine. Hik! Akajibandika kikapu kizima, macho yakafunikwa, akawa anapapasa njia ya kukimbilia.

Pimbi alicheka hadi machozi, kisha akamwonea huruma.

"Kaa nasi, mzee. Piga soga, itaisha yenyewe."

Tembo akakaa, hik, kichwa kijani kama kichaka. Na watoto wa Pimbi wakateremka bwawani, wakanywa maji bila kumwomba mtu.

Basi, wanangu, jambo la kweli haliogopi kurudiwa.