Kikombe Kitaanza kwa Muuza Vitumbua

Wapendwa, kuna swali linaniwasha siku nyingi, nisaidieni kulifikiri. Mtu aliyekutwa na kitu na mtu aliyekileta, je, lazima wawe mtu yule yule?

Palikuwa na mama mmoja mjamzito, muuza vitumbua, enzi zile UKIMWI ukitajwa kwa kunong'ona. Akaenda kliniki, na kwa kuwa ni mjamzito akapimwa. Wakamwambia ana virusi, wakampangia tarehe ya kurudi kuchukua dawa za kumkinga mtoto. Akakimbia nyumbani kumweleza mumewe, ili naye akapime. Mume alikuwa na malori mawili na heshima zake, tena mzee wa kanisa. Mnadhani alikwenda kliniki? Alikwenda kwa wazee wenzake kushtaki.

Jumapili ilipofika, habari ilishaenea, watu wakakataa kunywa kikombe cha Meza ya Bwana baada ya yule mama. Nesi alishasema kikombe hakiambukizi, lakini nani amsikilize nesi? Wazee wakakaa kikao: arudishwe kwao na mimba yake, maana ndiye aliyeleta ugonjwa.

Bibi mmoja, yule wa kufua vitambaa vya madhabahu, alikuwa akiwamiminia chai. Akasema, "Wazee wangu, niwieni radhi. Mmejuaje kwamba ni yeye aliyeuleta?"

"Si ndiye aliyekutwa nao?"

"Na humu ndani, nani mwingine amepima?"

Mume akafoka, "Mimi nikapimwe? Kwani mimi ni muuza vitumbua?"

Wakaamua kwa kunyoosha mikono. Mama akaondoka na kanga zake kwenye mfuko wa rambo.

Sasa sikilizeni. Yule aliyefukuzwa alikunywa dawa, akajifungua mtoto mzima, na yu hai. Mwenye malori tulimzika kwa hotuba ndefu, wala hatukutaja alichougua. Miezi saba baadaye tukamzika msichana aliyemwoa baada ya kumfukuza yule mama. Huyo hakuna aliyemwambia kitu.

Ndiyo, nimesema tulimzika, maana nami nilikuwamo. Mkono wa tatu kunyooka pale kikaoni ulikuwa wangu.

Dunia nayo ilifanya kama sisi. Ilipima wajawazito, wahudumu wa baa, maskini, watu weusi. Ikawakuta nao, ikasema basi ugonjwa ni wao. Wenye suti walipimwa lini? Sisi Waafrika tuliposemwa hivyo tulikasirika, na ilikuwa haki yetu. Halafu tukarudi nyumbani tukamfanyia vile vile muuza vitumbua. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Leo yule mama yumo humu, amekaa benchi la tatu, na binti yake kando. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia haya, akanijibu, "Simulia, Mchungaji, ila usijifiche."

Basi leo kikombe kitaanza kwake, na mimi nitakunywa wa mwisho. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kliniki, kwenye foleni ya kupima. Wazee wa kanisa, nani tunaongozana naye?