Jogoo wa Ntandu na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani. Na msidhani nasema ile zamani ya fisi kumposa mbuzi. Nasema zamani ya juzijuzi, mashine za kukamua alizeti zimeshafika huku Singida na kila mtu ana simu mfukoni. Sogeeni. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na mpaka leo hasara ni ya shule. Fumbo hili limewashinda wenye vyeti, kwa hiyo msijifanye.

Alikuwapo mwanamume anaitwa Ntandu. Kazi yake kukamua alizeti. Gunia la mashudu, yale makapi ya alizeti, wenzake wanalibeba wawili, yeye analitupa begani kama kitenge. Akipita, ardhi inamwomba radhi. Akamwoa Eliwaza, binti wa marehemu mzee Misanga, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Mwaka wa kwanza nyumba ikawa na kicheko. Mwaka wa pili jogoo akagoma kuwika.

Mnanitazama nini? Mnajua jogoo gani. Wenye watoto wadogo wazibeni masikio.

Jogoo hakuwika leo, hakuwika kesho. Ntandu akakosa kutulia. Akakaa, akainuka. Akainuka, akakaa. Akaenda mnadani akanunua vumbi: vumbi la mizizi, vumbi la magome, vumbi la sijui nini kilichosagwa, muuzaji akaapa kwamba hata maiti akilamba ataomba mke. Ntandu akalamba. Moyo ukamwenda mbio, jogoo kimya. Mgongo ukamuuma, akatafuna vidonge vya maumivu kama karanga. Jogoo kimya. Miguu ikaanza kujaa, asubuhi anaamka macho yamevimba kama mtu aliyelia, na hakulia, mwanamume gani alie? Jogoo kimya.

Mwisho akapata wa kumlaumu. Wa kulaumiwa hakosekani, yuko jikoni.

"Wewe mwanamke umenifunga," akamwambia Eliwaza. "Alizeti ikishavunwa, unarudi kwenu."

"Mume wangu, wewe unaumwa."

"Naumwa wapi? Nani kakwambia naumwa? Na ukimweleza mtu habari za chumba hiki, hutangoja hayo mavuno."

Akakaa, akainuka. Akainuka, akatoka.

Huko nje akasikia watu wanasema: Dokta mpya amehamia kijijini, anaitwa Mughwai. Ntandu hakuuliza dokta wa nini. Aibu haina mdomo wa kuuliza. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta bwana anaosha bomba za sindano, akamwinamia sikioni.

"Dokta, jogoo wangu hawiki."

Mughwai alikuwa bwana mifugo, kaja kuchanja kuku kideri. Akasema, "Pole. Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna mtama."

"Anakula?"

"Anaonja tu. Chakula kinamtia kichefuchefu."

"Matetea anawapanda?"

"Dokta, si ndilo tatizo lenyewe! Na ninaye mmoja tu."

"Miguu yake ikoje?"

"Imevimba, viatu havimwingii."

Mughwai akaacha kuosha. "Viatu?"

"Na mkojo wake una povu, kama bia iliyomiminwa kwa pupa."

"Ndugu yangu," akasema Mughwai, "kuku hakojoi."

Alicheka? Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akamtazama Ntandu usoni, kicheko kikakatika. Akainama, akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki palepale, kama kwenye ugali.

"Mimi ni wa kuku na mbuzi," akasema. "Lakini mnyama akivimba hivi, akakojoa hivyo, mimi nafikiria figo. Nenda hospitali. Leo."

"Nimekuletea habari ya jogoo, unanipa habari ya figo! Figo na jogoo wapi na wapi?"

"Hilo kawaulize madaktari wa watu."

"Basi niapie hutamwambia mtu."

Mughwai akaapa. Na alipoapa akashika kiapo. Kila alipokutana na Eliwaza kisimani aliangalia ndoo, hakuangalia uso.

Ntandu akaenda hospitali? Thubutu! Alifika kituo cha basi, akaona majirani wanasubiri gari, akafikiria atakavyoulizwa "unaumwa nini," akageuza. Kesho akafika, akageuza. Ikawa anajulikana pale kituoni kama mtu anayesindikiza mabasi. Akakaa, akainuka. Sasa hata kuinuka kukawa kwa kushika ukuta, na akipanda kilima anahema kama mvukuto wa mhunzi.

Alizeti ikavunwa. Siku ya Eliwaza kurudishwa kwao ikawa imefika, na ndiyo ilikuwa siku ya mnada. Eliwaza hakufunga mizigo. Alikwenda mnadani, kati ya mbuzi na wauza kanga na wale wa vumbi, akapanda juu ya gunia la mashudu, mwanamke wa maneno machache, akayatoa yote.

"Sikilizeni! Mume wangu Ntandu anakufa. Jogoo wake hawiki, miguu imejaa, chakula hakikai, na hataki kwenda hospitali kwa sababu yenu nyinyi mnaocheka. Haya, chekeni sasa hivi mmalize, ili tumpeleke!"

Wakacheka. Na nyie mngecheka, msinidanganye.

Mmoja hakucheka. Hango, mdogo wake Ntandu, alikuja mbio mishipa ya shingo imemsimama.

"Shemeji, umemvua kaka yangu nguo mbele ya mbuzi! Nampeleka hospitali leo hii, aandikiwe kwamba ni mwanamume mzima, halafu wewe urudi kwenu na ulimi wako!"

Akakodi pikipiki, akampakia Ntandu katikati. Ntandu hakubisha. Angebishia nini? Alichokuwa anakificha kilikuwa kinatembea sokoni kwa miguu yake.

Hospitali wakakuta daktari binti mdogo. Akatoa damu, akachukua mkojo, akapima presha, akarudi na uso usio na mzaha.

"Daktari, tuandikie kwamba ni mzima," akasema Hango.

"Mzima? Figo zake zimebaki jina."

"Lakini sisi tumeleta habari ya..." Hango akaonyesha kwa kidevu.

"Ni habari hiyohiyo. Figo zikichoka, uchafu unabaki kwenye damu, damu yenyewe inapungua, homoni zinavurugika, na presha inaharibu mishipa. Huyo jogoo wenu anaishi kwa nini? Kwa damu, kwa mishipa, kwa homoni. Si kila jogoo akinyamaza ni figo. Kuna sukari, kuna presha, kuna mawazo. Ila akinyamaza mtu aje apimwe, asiende kulamba vumbi asilojua limesagwa nini. Na vidonge vya maumivu, figo zilizochoka hazivitaki kabisa."

Ntandu akauliza polepole, "Kwa hiyo mke wangu hakunifunga?"

"Mke wako anahusikaje?"

Hango akaangalia viatu vyake.

Ntandu akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Akalala, hawezi kukaa, hawezi kuinuka. Wakasema anahitaji figo ya mtu. Ndugu wakapimwa, iliyokubali ikawa ya Hango. Siku ya kupasuliwa Ntandu akashika mikono ya wote, akaweka nadhiri: "Nikipona, na jogoo akiwika, mtoto wangu wa kwanza atabeba jina la aliyenirudisha uzimani."

Hango akatoa figo. Ntandu akapona. Jogoo akawika, si siku ya kwanza, acheni papara, lakini akawika. Eliwaza hakurudi kwao, na tumbo lake likawajibu wote waliocheka mnadani. Akazaliwa mtoto wa kiume, sauti kama honi ya lori.

Ikafika siku ya kumpa jina. Watu wamejaa, chai inapoa, wazee wanauliza, "Jina?" Ntandu akafungua mdomo. Watu watatu wakasimama.

Mughwai akasema, "Ni mimi. Neno figo nani alilitamka wa kwanza? Mwiteni Mughwai."

Eliwaza akamjibu, "Ulilitamka kwa nani, Dokta? Kwa aliyekuwa anakimbia. Mimi niliyekuwa tayari kumkamata, ukaniangalia ndoo badala ya uso. Figo zimeoza pamoja na kiapo chako."

"Kiapo changu? Tangu siku ile wanaume wanakuja nyuma ya nyumba yangu kunieleza habari za majogoo. Wanakuja kwa sababu wanajua sisemi, na wote nawapeleka hospitali. Nani atakuja kukueleza wewe, mama wa mnadani?"

Hango akafunua shati. Kovu lile, nyie! "Nyinyi mmetoa maneno. Mimi nimetoa nyama. Neno halichuji damu. Mtoto anaitwa Hango."

"Shemeji," akasema Eliwaza, "figo ni yako, na mpaka nakufa sitakulipa. Lakini siku ile ulimpeleka hospitali ili unifukuze mimi."

"Na wewe ulimvua kaka yangu nguo."

"Nilimvua. Mtu akiwaka moto, anavuliwa nguo kwanza, aibu baadaye. Bila mimi hakuna hospitali, bila hospitali hakuna figo. Mlitaka kunirudisha kwa baba yangu aliye kaburini. Basi baba arudi yeye kwangu. Mtoto ni wa kiume, hawezi kuitwa Eliwaza; aitwe Misanga."

Wazee wakanung'unika. Mtoto wa kwanza, jina la upande wa mama! Lini mliona? Lakini nadhiri haikusema upande. Ilisema aliyenirudisha.

Wote wakamgeukia Ntandu. Mke, alimwaibisha na akamfikisha. Bwana mifugo, alimjua na akamnyamazia. Ndugu, alimbeba kwa hasira na akampa sehemu ya mwili wake. Ntandu, mzima kabisa sasa, akakaa, akainuka. Akainuka, akakaa.

Na mtoto mpaka leo wanamwita "Wewe." Ameshaota meno, anaitika "Wewe."

Mimi langu nimelimwaga hapa, okoteni nyie. Na wewe pale nyuma, unayefunga kamba za kiatu tangu nilipotaja jogoo, inua uso ujibu wa kwanza: Je, mtoto aitwe Mughwai, aitwe Hango, au aitwe Misanga?