Metroni Aliyejipa Tisini na Sita

Wapendwa, hospitali ninayowapeleka asubuhi hii msiitafute kwenye ramani. Nimeijenga mwenyewe kichwani tangu Ijumaa, nikaiweka kwenye vilima vya migomba na chai, nikaipa wodi nne, chumba kimoja cha upasuaji na metroni mmoja. Metroni huyo tumwite Subilaga.

Subilaga alikuwa mchapakazi. Miaka ishirini na sita ya uuguzi, na hakuna siku aliyochelewa. Viatu vyake vikisikika tu kwenye korido, wauguzi walianza kunyoosha mashuka ambayo tayari yamenyooka. Wagonjwa walimpenda. Na yeye, tuseme ukweli, alijipenda kidogo pia. Mnacheka! Ngojeni kwanza.

Siku moja hospitali za eneo lile zililetewa fomu ya kujipima. Siyo ya karatasi, ya mtandaoni. Unafungua kompyuta, unaulizwa maswali arobaini, kila moja na uzito wake, unabonyeza Ndiyo au Hapana, na mwishoni kompyuta inakupa alama. Maswali yote yalihusu dawa kali za maumivu, zile anazochomwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Ni dawa nzuri sana, lakini mtu akizizoea zinamshika, haachi. Na anayeziiba mara nyingi si mtu wa kuruka ukuta. Ni mfanyakazi wa humo humo, mwenye vazi jeupe na salamu nzuri. Basi fomu ilikuwa inauliza: ninyi kwenu mmejilindaje?

Subilaga akakaa na kikombe chake cha chai. Je, funguo za kabati la dawa kali hukaa na mtu mmoja tu aliyepangiwa zamu? Ndiyo. Je, dawa inayobaki kwenye kichupa humwagwa mbele ya shahidi? Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Chai haijapoa, amemaliza. Alama tisini na sita kwa mia, rangi ya kijani! Akaichapa, akaibandika ukutani nje ya ofisi yake.

Mfamasia wa pale, bwana mmoja mpole aitwaye Nsajigwa, akapita akaisoma.

"Hongera, Metroni."

"Asante, baba."

"Ila maelekezo yanasema tujibu watu watatu wa vitengo tofauti, na kila jibu tukaliangalie kwa macho. Wewe ulikwenda na nani kuangalia?"

"Nsajigwa, hospitali hii naijua hata nikifumba macho."

"Najua, mama. Wao wanaomba tufumbue."

Je, alifurahi? Ungefurahi wewe? Siku mbili nzima alimwitikia Nsajigwa salamu kwa kuguna tu. Siku ya tatu, Alhamisi, akamfuata kwenye chumba chake cha dawa. "Haya, twende nikuoneshe." Wa tatu akamchagua yeye mwenyewe, mtu aliyemwamini kuliko wote: Anyosisye, mtaalamu wa usingizi wa chumba cha upasuaji, mcheshi, mwimbaji wa besi kwaya kuu.

Wakaanza na funguo. Kumbe zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, zimefungwa utepe wa njano ili mtu asipate shida ya kuzitafuta. Wakafungua daftari la dawa zinazomwagwa. Kila mstari una sahihi mbili, safi kabisa. Subilaga akaanza kutabasamu, mpaka Nsajigwa alipoweka kidole chini ya ukurasa. Sahihi za shahidi zilikuwa zimeshawekwa mpaka Jumamosi.

Muuguzi wa zamu akaulizwa. "Tunasaini za wiki nzima kwa mara moja, Metroni," akasema bila hata kuogopa, "ili tusisumbuane."

Wakarudi ofisini, wakakaa watatu mbele ya kompyuta, wakaanza upya. Safari hii mambo yalikwenda polepole. Hapana. Hapana. Subilaga alikuwa anabonyeza mwenyewe, na kila akibonyeza anashusha pumzi. Wakafika swali la thelathini na nane, akalisoma kwa sauti: "Je, mfanyakazi aliyeshikwa na dawa hizi anajua pa kwenda kuomba msaada?"

"Angalau hii ni Ndiyo," akasema. "Mlango wangu uko wazi kila siku."

"Weka Hapana," akasema Anyosisye.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu miezi saba nakuja mpaka mlangoni kwako, mama, narudi. Sijui nianzeje."

Nsajigwa akavua miwani. Yule mcheshi akaeleza huku anaangalia sakafu. Alianza kwa mgongo uliomsumbua. Kichupa kilibaki na dawa kidogo, akajichoma, akapata nafuu. Kesho yake tena. Baadaye mabaki hayakumtosha.

"Yule wa kitanda cha sita," akasema, "Sekela, aliyejifungua kwa upasuaji juzi. Dawa yake niliichukua mimi. Yeye alichomwa maji."

Subilaga akaegemea kiti. Kwa sababu Sekela alilia tangu adhuhuri siku ile, na aliyesimama kitandani kwake akamwambia, "Wenzako wanapasuliwa hivi hivi na wananyamaza, acha kudeka," alikuwa yeye Subilaga. Mgonjwa alisema kweli. Metroni wa tisini na sita kwa mia hakumsadiki.

Akafanya nini? Hakumfokea Anyosisye, na wala hakumficha. Alimshika mkono, wakaenda wote watatu kwa mganga mkuu, na Anyosisye akayasema yote tena kwa kinywa chake. Akasimamishwa kazi siku ile, taarifa ikapelekwa inakostahili, naye akapelekwa kutibiwa. Kisha Subilaga akaenda wodini. Kwanza akahakikisha Sekela amepewa dawa halisi, akiwa amesimama hapo hapo anaangalia. Halafu akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo wodini hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mwanangu, juzi ulisema unaumia, nikakwambia unadeka. Dawa yako ilichukuliwa na mfanyakazi wetu. Ulikuwa na haki ya kulia. Nisamehe."

Sekela akainua macho. Mtoto alikuwa ananyonya. "Kwa hiyo mimi si mwoga?"

"Hata kidogo."

"Mama, naomba uniitie mama mkwe," akasema Sekela. "Tangu juzi ananiita mwoga. Maneno hayo aje ayasikie kwa masikio yake." Akacheka mpaka akashika mshono, na Subilaga naye akacheka, machozi yanamtoka. Na mama mkwe aliitwa kweli, akaambiwa neno kwa neno.

Alama mpya ilikuwa arobaini na moja. Waliyafanyia kazi yale majibu ya Hapana, moja baada ya jingine, kwa miezi. Anyosisye alipopona hakurudishwa kwenye kazi ya usingizi. Alipewa kliniki ya watoto, kupima uzito, na hakukabidhiwa tena ufunguo wa dawa yoyote. Mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Watoto wanampenda. Mgongo anaunyoosha kwa mazoezi, na kwaya imerudishiwa besi yake. Ukimuuliza Subilaga mwaka gani ulikuwa mzuri kuliko yote ya kazi yake, atakwambia ni ule.

Sasa tuje kwetu, maana hamkudhani nimewaletea habari za wauguzi peke yao. Sisi tunajipima mara ngapi? Mara nyingi tu! Tunajipima peke yetu, haraka haraka. Je, nawapenda watu wa nyumbani kwangu? Ndiyo. Nasema kweli? Ndiyo. Mnyonge akilia, nasikia? Ndiyo, bila shaka. Na hatusemi uongo, jamani. Subilaga hakusema uongo. Alijibu kwa jinsi anavyojijua, na ndani ya kujijua kwake hapakuwa na Anyosisye wala Sekela.

Mungu hakutupa macho ya kujiona mgongo. Ametupa watu. Ametupa mke anayesitasita kuongea, jirani anayeuliza maswali ya kuudhi, mgonjwa ambaye tumesema anadeka. Hao ndio rehema yake kwetu. Na angalieni: ukweli ulipotoka, hospitali haikubomoka. Mgonjwa alipata dawa, mwenye kushikwa akafunguliwa, na mama mmoja mwenye kiburi kidogo akapata usingizi mtamu. Tunaogopa nini basi?

Leo mkitoka hapa mtakwenda kula. Mkishanawa mikono, kabla hujamega tonge la kwanza, mgeukie mmoja aliyeketi nawe, umwulize: "Kuna nini kwangu unachokiona ambacho mimi sikioni?" Halafu, ndugu yangu, usijitetee. Nyamaza, umsikilize mpaka amalize, hata kama chakula kitapoa.